Theluji kwa Mfuko Mdogo

Barua ya akina mama wa ughaibuni



Tuko Milton Keynes, Uingereza. Mwezi huu tunawaandikia juu ya jambo ambalo huenda likawachekesha baadhi yenu. Sisi akina mama wanne, mmoja mzaliwa wa Moshi, mmoja wa Mombasa, mmoja wa Kisumu na mmoja wa Bukoba, tunajiandaa kuwapeleka watoto wetu kuteleza juu ya theluji. Mwenzetu wa Moshi anasema kwao theluji ni kitu cha kutazama kwa mbali asubuhi, mawingu yakifunguka juu ya Kibo. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja atalipa nauli ili aikanyage.

Lakini watoto wamezaliwa huku, na mtoto hulilia anachokiona kwa wenzake. Mwaka jana, 2025, vijana wetu wawili walirudi nyumbani na karatasi kutoka shuleni: safari ya wiki moja katika milima ya Alps, kila mtoto zaidi ya pauni 1,000. Tulisoma tarakimu ile, tukaikunja karatasi, tukasema hapana. Watoto hawakugomba. Walinyamaza tu, na kila mama anajua kwamba ukimya wa mtoto una uzito kuliko kelele zake. Basi tukaambiana, "Kwa nini tusiwapeleke wenyewe kwa bei ya chini?"

Hapo ndipo tulipoanza vibaya. Tunawasimulia kosa letu kabla ya mipango yetu, kwa sababu mipango ya sasa imetokana na kosa hilo.

Jinsi tulivyokosea

Tulikutana jikoni kwa mmoja wetu, tukanywa chai, tukafungua kurasa za matangazo, na kwa muda wa saa moja tukawa tumechagua nyumba katika Alps za Ufaransa kwa wiki ya likizo ya Februari 2026. Kila mmoja aliitikia. Tulilipa malipo ya kwanza, pauni 160 kila mtu, ambayo hayarudishwi. Tuliondoka tukicheka kama wasichana.

Ilipofika Novemba, mwenzetu mmoja aliacha kupokea simu. Tukidhani ni mgonjwa, tulimfuata nyumbani. Tulimkuta ametoka zamu ya usiku katika nyumba ya kulea wazee, akiwa na zamu nyingine jioni ile ile. Mumewe ndiye aliyetuambia. Alikuwa amekopa pauni 900 kwa kadi ya mkopo ili asibaki nyuma yetu. Fedha aliyokuwa ameweka kwa ajili ya operesheni ya mtoto wa jicho ya mama yake huko nyumbani ilikuwa imeanza kuliwa na riba. Mume hakujua mpaka barua ya benki ilipofika.

Mmoja wetu akamwuliza, "Dada, kwa nini hukutuambia?"

Akajibu, "Na ninyi, mliniuliza lini?"

Hatukuwa na la kusema. Ni kweli, hatukumwuliza. Tulihesabu vitanda, tukahesabu siku, tukahesabu watoto, wala hatukuhesabu mfuko wa mtu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi tulikuwa tukimlaumu kwa kuficha. Lakini tulipojichunguza tuliona kwamba sisi ndio tuliofanya kusema ukweli kuwe aibu. Katika meza ile ya chai, nani angethubutu kusema, "Mimi siwezi"?

Safari tuliivunja. Pauni 640 zilipotea, na kwa majuma kadhaa tulikuwa tukisalimiana kwa adabu tu, kama watu waliokutana kwenye foleni ya basi. Mwenzetu huyo ameturuhusu kuandika haya, na ameomba tusitaje ni yupi kati yetu. Anasema huenda yuko mama mwingine mahali fulani ambaye ameitikia jambo la rafiki zake, na sasa halali usiku.

Karatasi nne

Mwezi wa Machi mwaka huu, 2026, tulirudi mezani. Safari hii hatukufungua kurasa za matangazo. Kila mmoja alipewa kipande cha karatasi, akaandika kiasi anachoweza kutoa kwa ajili yake na mtoto mmoja, pasipo kukopa, baada ya kutoa kodi ya nyumba, chakula, nauli ya kazini na fedha anayotuma nyumbani. Hakuna jina lililoandikwa. Karatasi zikakunjwa na kutiwa katika sufuria.

Tulizisoma moja baada ya nyingine: 2,000, 1,700, 1,500, na 1,150. Tukakubaliana kwamba safari ni ya pauni 1,150. Hatukuchukua wastani wa tarakimu nne, wala hatukufanya mchango wa kumwongezea aliye na kidogo, maana huruma ya namna hiyo humtia mtu deni la aina nyingine. Tulipanga safari yote kwa kiasi cha chini kabisa, kisha ndipo tukatafuta mahali panapolingana nacho.

Mahali tulipopata ni Bansko, nchini Bulgaria.

Kwa nini Bansko

Bansko ni mji mdogo chini ya milima ya Pirin, kiasi cha kilomita 160 kutoka Sofia, mji mkuu. Mji wenyewe uko kwenye mita 900 na kitu juu ya usawa wa bahari, chini kuliko Nairobi, lakini lifti hupanda hadi karibu mita 2,600. Kutoka uwanja wa ndege wa Luton, ambao hauko mbali nasi, ndege za bei nafuu huenda Sofia. Nyumba za kupanga zenye jiko ni nyingi, na bei za vyakula ni nafuu kuliko katika Alps. Tangu tarehe 1 Januari 2026 nchi hiyo inatumia euro, kwa hiyo hesabu imekuwa rahisi.

Jambo la pili ni tarehe. Katika safari za theluji, tarehe ni bei. Wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya, na likizo za Februari, ndizo za bei ya juu kuliko zote. Januari baada ya sikukuu ni nafuu, lakini watoto wako shuleni. Wako wazazi wanaowatoa watoto shuleni kwa siri. Sisi hatushauri. Hapa England, tangu Agosti 2024, faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ikilipwa ndani ya siku 21, nayo hupanda hadi 160 baada ya hapo. Mama na baba wenye watoto wawili watalipa 320, na unafuu wote wa nauli utakuwa umekwisha.

Tukaitazama kalenda ya 2027. Pasaka yetu itakuwa mapema, tarehe 28 Machi, na shule zitafungwa majira hayo. Wakristo wengi wa Bulgaria ni Waorthodoksi, na Pasaka yao mwaka huo ni tarehe 2 Mei. Maana yake, likizo yetu haitaangukia siku zao za kusafiri. Tutasali Pasaka nyumbani pamoja na waume zetu na watoto wadogo, kisha tutaondoka Jumanne tarehe 30 Machi na kurudi Jumatatu tarehe 5 Aprili.

Ubaya wa tarehe hizo tunaujua. Mwishoni mwa Machi theluji ya chini huanza kuyeyuka, hasa ile njia inayoteremka mpaka mjini. Watoto watapanda kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma na kushuka kwa vibanda hivyo hivyo, na mchezo wao utakuwa huku juu ambako theluji hukaa zaidi. Ndiyo gharama ya kununua kitu mwisho wa msimu, kama vile mama anunuavyo nyanya jioni sokoni. Zinafaa kwa mchuzi, ila huna budi kuchagua.

Hesabu yenyewe

Hebu tuwawekee hesabu yetu wazi, maana bajeti isiyoonekana ndiyo iliyotuponza. Hiki ni kiasi tulichotenga kwa mama mmoja na mtoto mmoja:

Tiketi za ndege mbili, pamoja na sehemu ya sanduku la pamoja: pauni 220.
Nyumba, usiku sita, sehemu moja kati ya nne: 120.
Gari dogo la kutoka Sofia na kurudi, sehemu moja kati ya nne: 50.
Bima ya watu wawili yenye kipengele cha michezo ya theluji: 60.
Chakula: 130.
Pasi ya lifti ya mtoto kwa siku nne: 150.
Kukodi ubao, viatu na helmeti kwa siku nne: 70.
Masomo ya kikundi ya mtoto: 110.
Masomo ya mwanzo hapa nyumbani kabla ya kwenda: 60.
Nguo: 40.
Tiketi ya mama kupanda mlimani siku moja: 30.
Akiba ya dharura: 110.
Jumla: pauni 1,150.

Angalieni, tiketi za ndege ambazo ndizo watu husifu kwa urahisi hazifiki hata robo ya fedha yote. Kinachokula fedha ni mlima wenyewe: pasi, kukodi vifaa na masomo. Mtu akikuambia amepata nauli ya pauni 30 kwenda kwenye theluji, mpongeze, kisha mwulize amepanga nini kwa ajili ya hayo matatu.

Tunachanga pauni 115 kila mwezi kwa miezi kumi, kuanzia Mei 2026 hadi Februari 2027. Huu si upatu wa kupokezana zamu. Ni akiba moja, yenye mweka hazina mmoja na watia saini wawili, na daftari hufunguliwa mezani kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kionekane.

Tuliweka pia mlango wa kutokea. Yeyote anaweza kujitoa mpaka mwisho wa Septemba, akarudishiwa kila senti bila kuulizwa sababu. Baada ya hapo tutanunua tiketi, na atakayejitoa atapoteza tiketi yake tu. Nyumba tutaweka ile inayoruhusu kufuta bila malipo hadi siku chache kabla. Bei yake ni juu kidogo, lakini sisi tumeshalipa ada ya somo hilo.

Mtoto ajifunze kwanza karibu na nyumbani

Watoto wetu wamechagua ubao mmoja, ule ambao miguu yote miwili hufungwa juu yake na mtu husimama kwa ubavu. Wengine hupenda skii, yaani mbao mbili. Mchezo wa ubao una historia fupi nzuri. Siku ya Krismasi 1965, huko Muskegon katika jimbo la Michigan, Marekani, baba mmoja aitwaye Sherman Poppen aliunganisha skii mbili kwa ajili ya binti zake wapate kucheza kilimani, na mkewe ndiye aliyekitungia chombo kile jina, Snurfer. Kutoka mchezo huo wa nyumbani, kuteleza kwa ubao kulifika katika Olimpiki mwaka 1998 huko Nagano, Japani.

Anayeanza ubao huanguka sana siku mbili za kwanza. Huangukia makalio na mikono, na mfupa unaoumia mara nyingi ni wa kifundo cha mkono. Kwa hiyo tumewanunulia watoto vikinga vya vifundo, ambavyo si ghali. Tumewaambia pia kwamba mtu akianguka akunje ngumi na kuangukia mkono wa mbele, wala asitandaze viganja kujizuia.

Kuanguka kwa mara ya kwanza ukiwa mlimani Bulgaria, saa ya pasi ikihesabika, ni hasara. Hapa mjini kwetu tumebahatika kuwa na mteremko wa theluji halisi ndani ya jengo kubwa, uliofunguliwa mwaka 2000. Watoto watafundishwa pale kusimama, kusimama tena, na kupiga breki. Mtoto akifika mlimani anajua kusimama, masomo yake ya siku tatu yatamfaa kweli.

Jambo moja la Bansko tunapenda mlijue. Mahali pa wanaoanza hapako mjini, pako juu, panapoitwa Banderishka Polyana. Hivyo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza ni lazima alipie kupanda. Asubuhi foleni ya vibanda huwa ndefu, hivyo tumepanga kuamka mapema.

Nguo, nywele na ngozi

Msinunue nguo mpya. Tumeweka pauni 40 tu, nazo zinatosha, kwa kuwa suruali na koti la theluji mtoto huvaa wiki moja kisha anarefuka. Tunaazima kwa majirani, tunatafuta katika maduka ya mitumba ya hisani, na tunangoja maduka ya vyakula ya bei nafuu ambayo huleta nguo za theluji mara moja kwa mwaka. Vitu viwili tu tusiazime hovyo: glavu zisizopitisha maji na soksi ndefu za sufu.

Mtoto asivae suruali ya jinzi wala fulana ya pamba ndani. Pamba hunyonya maji na jasho, ikishalowa humgandisha mtoto. Vaeni tabaka tatu nyembamba kuliko moja nene.

Kwa mabinti na kwa mama, suka nywele za kulala, mtindo wa twende kilioni, siku mbili kabla ya safari. Rasta nene au fundo la nywele juu ya kichwa halikai ndani ya helmeti, na helmeti isiyokaa vizuri haikingi. Mmoja wetu aligundua hilo pale kwenye mteremko wa ndani, akiwa na binti yake ambaye alikuwa ametoka kusukwa kwa saa sita. Machozi yalikuwa mengi.

Na ngozi yetu nyeusi isitudanganye. Theluji mpya yaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale mikali ya jua, na huko juu jua ni kali zaidi. Pakeni mafuta ya kukinga jua hadi chini ya kidevu, na macho yafunikwe kwa miwani ya theluji.

Karatasi za safari

Tanzania hairuhusu raia wake watu wazima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo mmoja wetu bado anashika pasi ya Tanzania. Kibali chake cha kuishi Uingereza hakimwingizi Bulgaria. Tangu Januari 2025 Bulgaria imo kikamilifu katika eneo la Schengen, na yeye atahitaji viza ya Schengen. Ada yake kwa mtu mzima, tangu Juni 2024, ni euro 90. Maombi hupokewa si zaidi ya miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, nayo hudai bima inayofika angalau euro 30,000.

Tuliulizana kama viza ni gharama yake peke yake. Tukaamua hapana. Tunakwenda wanne, na mlango wa kuingilia ni wa sote. Gharama ya viza itatoka katika akiba ya dharura ya pamoja.

Wenye haki ya matibabu ya serikali hapa wanaweza kupata kadi ya afya ya GHIC bure, ambayo husaidia katika hospitali za serikali za Ulaya. Lakini kadi hiyo hailipi waokoaji wa mlimani wala gharama za kumrudisha mgonjwa nyumbani. Bima ndiyo hulipa, na ni lazima iandikwe wazi kwamba inahusu michezo ya theluji. Bima ya kawaida ya likizo mara nyingi haigusi mguu uliovunjika mlimani. Kwa kuwa baba hawasafiri nasi, kila mama atabeba pia barua ya mume iliyotiwa saini, kwamba ameridhia mtoto asafiri.

Chakula

Tutapika wenyewe asubuhi na jioni, na mchana watoto watakula mkate waliobeba mifukoni. Chakula cha mlimani siku zote huwa ghali kuliko cha mjini. Kutoka Uingereza msibebe soseji, nyama wala maziwa, maana hairuhusiwi kuviingiza katika nchi za Umoja wa Ulaya. Nunueni huko huko.

Na hapa tuna habari njema kwa wapenda ugali. Wabulgaria nao husonga unga wa mahindi, wakauita kachamak, wakala na jibini nyeupe ya chumvi. Tumepanga usiku mmoja kwenda katika mgahawa wa kienyeji kuuonja. Siku nyingine zote, sufuria ni yetu.

Anayepanda na asiyepanda

Jambo lililotupa mjadala mrefu kuliko yote lilikuwa hili. Wawili wetu walitaka nao wajifunze ubao. Kwa pasi, vifaa na masomo, kila mmoja ingemgharimu karibu pauni 370 zaidi, na karatasi ya 1,150 haikuwa na nafasi hiyo. Tuliogopa kwamba tukiruhusu, tutakuwa tumerudi kule kule kwa wenye nacho na wasio nacho. Mmoja akasema basi mama yeyote asipande.

Aliyetujibu ni yule mwenzetu aliyekopa. Alisema, "Sitaki mkae chini kwa ajili yangu. Nilitaka tu nisikope."

Maneno hayo yalitupa kanuni: mambo ya pamoja, yaani nyumba, gari, chakula na siku, yafuate mfuko mdogo, mambo ya mtu binafsi yafuate mfuko wa mtu. Watakaopanda watalipa fedha yao nje ya akiba. Wasiopanda hawatakaa ndani kulinda makoti. Siku moja watapanda nao kuwaona watoto. Siku nyingine watatembea mji wa kale wenye nyumba za mawe, au wataenda kijiji cha Banya, karibu tu, penye chemchemi za maji ya moto, jambo ambalo magoti yetu yanalihitaji kuliko ubao. Jumapili hakuna atakayepanda mlima. Tutapanda kipande cha reli nyembamba inayopita Bansko, ile yenye upana wa sentimita 76, sote wanane, na jioni tutakula pamoja.

Kwenu mliko nyumbani

Huenda mama msomaji ukasema, "Mimi theluji inanihusu nini?" Ni kweli, huenda usiikanyage kamwe. Lakini kuna kamati ya harusi, kuna sare za kikundi, kuna safari ya pamoja ya Pasaka kwenda kwa wazazi, kuna mahafali ya watoto. Mahali pote ambapo rafiki huamua pamoja na kulipa kila mtu peke yake, kuna mama mmoja anayeitikia huku moyo ukimdunda. Kukopa harusi, kulipa matanga. Sufuria moja na vipande vya karatasi visivyo na majina haviwagharimu kitu, na vitamwokoa huyo mama kabla hajafika kwa mkopeshaji.

Na wewe uliyeandika tarakimu kubwa, usione umeshushwa. Mwenzetu aliyeandika 2,000 ametuambia kwamba ametuma sehemu ya tofauti hiyo kwa ada ya mpwa wake, na bado atajifunza ubao wake.

Jumamosi iliyopita tulifungua daftari. Wa kwanza kufika na pauni zake 115 alikuwa yule mwenzetu. Deni la kadi limebaki pauni 300, na analipunguza kila mwezi pamoja na mumewe, ambaye sasa huona barua zote za benki. Mama yake amefanyiwa operesheni ya jicho la kulia, na la kushoto litafuata. Anaona vizuri, na swali lake la kwanza kwa simu lilikuwa kama ni kweli wajukuu wake wanataka kulipa fedha ili waanguke kwenye barafu.

Tukamwambia ni kweli, na hesabu yake tunayo.

Tukutane mwezi ujao.

Sisi akina mama wenzenu wa ughaibuni.